Nawasomea wengine karata, je, nijisomee na mimi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa 12 nikiishi Manchester, Uingereza. Kazi yangu ya mchana ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Jioni nasoma karata za taroti, zile za picha zinazotumika kubashiria. Wateja wangu wengi ni Waingereza, na wachache ni dada zetu wanaokuja kwa siri. Najua dini inasemaje. Mama hachoki kunikumbusha zile siku 40 ambazo sala ya anayemwendea mpiga ramli haikubaliwi. Hilo ni baina yangu na Mola wangu, nami sikukuandikia kwa ajili yake.

Mwanzoni mwa mwaka huu mama alipata kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, na dada yangu anayemuuguza amechoka. Ameniambia waziwazi: ama nirudi, ama tuajiri mtu, lakini nimpe jibu mwezi huu. Nikirudi naiacha kazi, na mwanangu ana miaka 15, mitihani yake mikubwa ni mwakani. Usiku ule nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika miaka tisa ya kuwasomea watu. Nilichanga karata nikauliza swali langu mwenyewe.

Ikatoka Nane ya Panga. Ni picha ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, panga nane zimechomekwa ardhini karibu naye. Angekuwa mteja, ningemwonyesha alichokichora Pamela Colman Smith, mchoraji wa karata hizi, mwaka 1909: tazama miguu, haikufungwa. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi, na nimewaona watu wakishusha pumzi. Yangu niliirudisha ndani ya pakiti, nikachanga tena.

Ya pili ikawa Sita ya Panga: mtu anasukuma mashua kwa pondo, na ndani wamekaa mwanamke aliyejitanda na mtoto, wanavushwa maji. Moyo ukaruka. Nikasema, ndiyo sisi hao, mimi na mwanangu, twarudi kwetu. Kesho yake nikaitazama tena nikasema la, hii ni safari niliyokwisha kuifanya kuja huku. Naambiwa nimeshavuka, nitulie. Karata ni ileile, Shangazi, nami nimeipa maana mbili zinazopingana.

Tangu hapo nimeuliza swali hilohilo mara 11. Yote nimeyaandika kwenye daftari, na nikisoma daftari lile naona aibu, kwa sababu naona wazi siku nilizotaka kurudi na siku nilizoogopa.

Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa akipiga bao la ramli. Alitandaza mchanga ubaoni, akachoma nukta kwa ncha ya kidole bila kuhesabu, kisha akatazama kila mstari umeishia shufwa au witiri, na humo akatoa maumbo yake 16. Siku mwanawe alipochelewa baharini, hakuligusa bao lake. Alitoka akamwendea mwenzake wa mtaa wa pili, ambaye kwa elimu hakumfikia, akaketi mkekani na kutoa fedha kama mteja yeyote. Tulipomuuliza alisema mkono wenye shida huhesabu. Mganga hajigangi, ndivyo alivyotulea.

Lakini karata si mchanga. Nikizichanga zikiwa zimefunikwa, mkono wangu hauna cha kuhesabu. Isitoshe, taroti haikuletwa na mwiko wowote: ilianza kama mchezo wa karata kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na ilipata umaarufu wa kubashiria Ufaransa katika karne ya 18. Wapo wanaosema pakiti ya kwanza lazima upewe zawadi. Yangu niliinunua kwa fedha yangu na imenihudumia vizuri. Kwa hiyo mwiko huu wa kutojisomea nao huenda ni maneno ya watu tu. Mwanamke aliyenifundisha kazi hii alinitaka nijifunulie karata moja kila asubuhi kwa mwaka mzima, na ndivyo nilivyozijua zote 78. Ila asubuhi zile sikuwa naomba kitu. Nilikuwa najifunza.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipoogopa hasa. Alikuja mteja ambaye baba yake ni mgonjwa, yuko mbali, naye hajui aende au asiende. Nilimtandazia karata kumi, nikamwambia aende, asichelewe. Nilisema kwa nguvu mpaka akanishika mkono. Alipoondoka nilizitazama zile karata pale mezani kwa muda mrefu, na sikuona hata moja iliyosema hivyo. Yule mwanamke alinilipa, akaenda na maneno niliyokuwa najiambia mimi.

Nimefikiria kwenda kwa mwenzangu tunayefanya naye kazi hii. Ananijua mno, na kila tukionana husema atanikosa nikiondoka. Nikimwendea nisiyemjua, nahofia nitakuwa namsahihisha kila karata anapoifunua.

Basi naomba ushauri wako, na wa wasomaji wenye uzoefu. Niache kabisa kujisomea kama babu, au ipo njia ya kujisomea nikabaki mkweli? Je, niwasimamishe wateja hadi jambo la mama liishe, ingawa fedha zile ndizo ninazomtumia za dawa? Na yule wa Jumamosi, nimpigie simu nimweleze kwamba sikumsomea yeye? Namba yake ninayo. Alisema anakata tiketi wiki hii.

Ni mimi,
Binti wa Kisauni, Manchester