Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Barua za Askari wa Keya

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na kumbukumbu za vikao mnazo mikononi. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: barua ambazo askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la King's African Rifles (K.A.R.), waliwaandikia watu wao wakati wa Vita Kuu ya Pili, kutoka Uhabeshi, Madagascar na hasa Burma.

Kuna barua moja iliyotufunza kuliko semina zote. Ililetwa na familia ya Ukambani, ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na medali na stakabadhi za kodi. Ni ya Oktoba 1944. Juu hakuna jina la mahali. Kuna namba ya askari, kikosi chake na herufi S.E.A.C. (Kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki) basi, maana hakuruhusiwa kusema yuko wapi. Mistari miwili imezibwa kwa wino mweusi na mkaguzi wa jeshi. Mwandiko ni wa mtu aliyesoma, lakini chini kabisa pana jina lililokokotwa kwa herufi kubwa, moja huku nyingine kule. Mwenye barua aliandikiwa na mwenzake. Anauliza kama fedha zinafika kwa D.C. (mkuu wa wilaya), nani analima shamba la mtoni, na kama mbuzi mwekundu amezaa. Vita havitaji kabisa.

Baadhi yenu mlisikitika. Miezi hiyo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikishuka bonde la Kabaw, huko Burma, kwenye mvua na tope, ikielekea Kalewa na mto Chindwin, nasi tulitamani kuyasoma hayo. Mimi sikusikitika. Mapigano yale maofisa waliyaandika vya kutosha. Habari za mbuzi hakuna ofisa aliyeziandika.

Kutokana na barua hiyo, kamati imeamua kwamba kila barua iingizwe kwenye katalogi kwa majina mawili: aliyeituma na, akijulikana, aliyeshika kalamu. Tena mzee wa familia arekodiwe sauti kwanza, karatasi ifuate. Karatasi yaweza kungoja wiki mbili. Mzee wa miaka tisini sina hakika.

Kuhusu utunzaji, nawasihi: msizipeleke barua kupigwa laminesheni. Nia ni njema, lakini joto linaichoma karatasi na plastiki ile haibanduki tena. Selotepu nayo inageuka gundi ya kahawia. Toeni pini zenye kutu polepole, mkiandika chochote kwenye bahasha tumieni penseli, na wenzetu wa Pwani mziepushe na kuta zenye unyevu. Familia isiyotaka kutoa barua halisi isisukumwe. Tuiskani vizuri, mbele na nyuma, pamoja na bahasha, kisha tuwarudishie mkebe wao.

Suala lililotugawa ni kuzionyesha kwa umma. Ziko barua zinazomtuhumu mke kwa jina, na wajukuu wake wako hai, pengine wamo humu ukumbini. Sheria nayo ina lake: mwenye karatasi si lazima awe mwenye maneno. Nchini Kenya hakimiliki ya maandishi hudumu hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Aliyerudi salama akafariki mwaka 1990, warithi wake wana haki hiyo hadi mwisho wa 2040. Kwa hiyo hakuna barua itakayowekwa kwenye intaneti bila idhini ya maandishi.

Kwa waliofia vitani muda huo umekwisha, lakini sheria isitupe ujeuri. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa familia hizo barua ya mwisho ni ile iliyotumwa kabla ya kupanda meli. Napendekeza tuwaendee nyumbani na kuwasomea kwanza, hata pale ambapo hatudaiwi ruhusa na mtu.

Pendekezo hilo naliweka mbele yenu lipigiwe kura leo. Fomu za idhini, za Kiswahili na Kikamba, ziko mezani kwa katibu; za Kiluo na Kikalenjin zinatafutiwa watafsiri, na atakayejitolea amwone kabla ya chakula.