Msiuze Bweni kwanza

Pangani

Shoga yangu,

Salamu nyingi baada ya kimya chetu hiki. Huku wazima, mama naye hajambo, ila miguu tu. Mengine tutaongea. Hamza kanipitia jana, ananiambia mnauza kiwanja cha marehemu kule Bweni, ng'ambo ya mto. Kweli? Tena kwa yule dalali wa Dar? Tafadhali, msitie saini.

Kinachomleta dalali huyo ni daraja la Mto Pangani. Mita 525 hizo, si mchezo. Siku hizi hata wavuvi gumzo lao ni zege na nondo. Barabara ya Bagamoyo ikitimia, wa Dar hatazunguka tena Chalinze na Segera kuja kwetu. Ati kamwambia Hamza Bweni ni mchanga na minazi tu. Mchanga tu! Mbona basi anaukimbilia?

Juzi nilisubiri kivuko mpaka dagaa wangu wakaanza kunisema, kwa hiyo usidhani nalipinga daraja. Lije hata kesho. Ninachoogopa ni kwamba mji huu ulishawahi kupata, ukapoteza. Mkonge wa nchi nzima ulianzia hapo Kikogwe, miche 62 iliyopona safari mwaka 1893. Kufika 1964 nchi ilikuwa inatoa tani zaidi ya laki mbili. Babu yako si alikuja manamba, kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge? Kamba za nailoni zikaingia, bei ya mkonge ikaporomoka, korona, ile mitambo ya kusindika mkonge, zikanyamaza, na wale waliokuwa wakiishi kambini wakajikuta hawana hata pa kuchimba shimo la choo. Babu yako yeye alikuwa na kiwanja Bweni. Ndiyo maana mlikula.

Sasa mkonge unahimizwa tena, hadi wakulima wadogo wanapanda, na wageni wa hifadhi ya Saadani wanaanza kulala huku. Mambo yanakuja polepole, ila yanakuja. Halafu ninyi muuze sasa hivi, kabla gari la kwanza halijavuka? Kama shida ni ada ya mtoto, kodisheni. Au niambie, tutazame… basi, tutaongea.

Mirathi mmefungua mahakamani, au kila mtu anajiita mrithi? Hati anayo nani? Kiwanja kimepimwa? Shangazi wa Tanga anajua, au mnamficha? Hamza kapokea chochote? Maana alikuwa na simu mpya. Na wewe unakuja lini tukae tuzungumze?

Wako,
Mama Rukia