Kabla ya kulaza kabro, pitisheni paipu kwanza

Mhariri,

Ukurasa wenu wa nyumba ulizisifu sana kabro, vile vitofali vya zege vya kutandika uani: matope yanaisha, vumbi linapungua, mgeni anapata pa kukanyaga. Sibishi. Hapa Tororo, Uganda, nimelaza kabro kuanzia mlango wangu wa jikoni hadi kwenye vyumba vinne vya kupangisha vilivyo nyuma, na jioni nikiweka kiti pale nautazama Mwamba wetu hadi giza linapoingia. Ila mwandishi wenu alieleza maramu, mchanga na rangi, asitaje hata kwa neno moja waya wa umeme unaopita chini yake kwenda vyumba vya nyuma. Waya huo ndio ulionishikisha kalamu.

Mwaka 2019 marehemu mume wangu alitaka ua umalizike kabla ya wageni wa harusi ya binti yetu kufika. Fundi wa umeme alikuja saa kumi jioni, akafukua kidogo kwa jembe, akalaza waya bapa mweupe, ule ule wa kupitishwa ndani ya ukuta, kina chake hakikuzidi kiganja. Paipu hakuna. Kesho yake vijana wa kabro walipita juu na mashine ya kushindilia, wakafagilia mchanga kwenye nafasi, wakalipwa wakaondoka. Ua ulipendeza, na harusi ikapita salama.

Aliyegundua kwanza ni mbwa. Mvua za Aprili 2023 zilipokolea, aligoma kuvuka ua. Anafika ukingoni, ananusa, anageuka. Nikasema uzee umemwingia. Halafu mtoto wa mpangaji akaja analia kwamba mawe yanamuuma miguu, nami, nikiwa nimevaa ndala zangu za mpira, nikamwambia aache kuchezea maji. Jibu hilo bado linanirudi usiku. Siku ya tatu nilivua ndala nikakanyaga pale palipolowa. Ganzi ilinipanda mpaka gotini.

Wiki hizo hizo nilikuwa nikigombana na wapangaji juu ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Yuniti zilikuwa zinayeyuka, nami nikawashuku kwa pasi na majiko ya koili. Nilimwita fundi mwingine, kijana mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme nchini (nilidai kukiona, akakitoa mfukoni bila kununa). Alizima kila kitu, friji, taa, vyumba vyote vinne, kisha akaniita tutazame mita. Kitaa chake kiliendelea kupepesa. “Mama, hapa anayekula umeme ni udongo,” akasema. Akanipigia hesabu nyuma ya risiti: nusu ampia ikivuja kwenye volti 240 ni wati 120, na usiku na mchana ni karibu yuniti 3. Nikamuuliza mbona breka haikuruka ikakata umeme. Akanijibu kwamba breka yangu ya ampia 20 inangoja mzigo mkubwa. Nusu ampia kwake ni kama inzi mgongoni mwa ng'ombe. Lakini mwili wa mtu hauhitaji hata hiyo nusu ili moyo usimame.

Tulipofukua tulikuta ganda la waya limekwaruzwa na kokoto zilizoshindiliwa juu yake, na mahali pawili mchwa walikuwa wameshatafuna. Kabro zilizovunjika siku ile nilizihesabu, ni thelathini na moja. Rangi yake haikupatikana tena, kwa hiyo ua wangu sasa una mstari kama kovu la upasuaji.

Kazi ya pili ilikwenda hivi, na ninaieleza kwa urefu kwa sababu sijaona mtu akiieleza kwa Kiswahili. Mtaro ulichimbwa sentimita 60 kwenda chini, maana pikapu za wapangaji zinapita hapo wakihama. Chini ulitandikwa mchanga laini, kokoto zote zikaokotwa. Paipu zilikuwa tatu, za PVC, upana milimita 50, kila moja mita 6, na kijana alipitisha kamba ya nailoni ndani ya kila paipu kabla ya kuiunganisha na nyingine. Kwenye kona mbili mimi nilishanunua elbo za fundi bomba, zile za kupinda ghafla, kwa kuwa ndizo zilizojaa dukani. Alizirudisha. Kebo nene haipiti kwenye pembe kali. Itakwama katikati, ukiivuta kwa nguvu utachubua ganda lake. Alitafuta za kupinda polepole, na tukasubiri siku mbili.

Kebo yenyewe ni ile nyeusi yenye nyaya za chuma kuzunguka, mafundi wanaiita amadi. Niliuliza, kama kuna paipu, amadi ya nini? Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi wetu tunalikosea: paipu haizuii maji. Mvua itapenyeza kwenye maungio, na hata isipopenyeza, baridi ya usiku itatoa jasho ndani. Hesabu kwamba siku moja paipu itajaa maji, kisha chagua kebo inayovumilia. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna kuunganisha waya katikati ya paipu, kipande kiwe kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Yetu ililazwa kwa mwinamo mdogo kuelekea shimo la ukaguzi lenye changarawe chini, maji yapate pa kunywea. Ngao ile ya chuma nayo iliungwa na ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, la sivyo inakuwa pambo tu. Kebo iliyo ndani ya paipu ardhini pia haipoi kama iliyo hewani, basi akachukua unene uliozidi kidogo ule niliokuwa nimeupigia bajeti. Nililalamika, nikalipa.

Kuivuta ilikuwa sherehe. Wapangaji wawili kwenye kamba, mmoja akiilisha kebo upande wa pili, na mimi na kikombe cha sabuni ya maji nikiipaka. Mmoja alileta grisi ya pikipiki, kijana akapiga kelele: grisi inaharibu plastiki. Na pamoja na kebo alifunga kamba nyingine, ili baada ya kebo kupita, kamba ibaki ndani ikimsubiri wa baadaye.

Utepe wa manjano wa kuonya kwamba chini kuna umeme haukupatikana hapa mjini. Tulipanga safu ya matofali ya kuchoma juu ya mchanga uliofunika paipu. Mwenye sururu akigonga tofali mahali pasipo na ukuta atajiuliza. Paipu ya kijivu peke yake haimwambii kitu, ataidhani ni ya maji machafu na kuikata.

Kando yake tuliongeza njia ya pili ya paipu, tupu, yenye kamba ndani. Mume wa dada yangu alinicheka kwamba nazika pesa. Mwaka jana mpangaji mmoja alitaka intaneti ya waya, na waya wa intaneti haufai kulala paipu moja na umeme. Ilipitishwa asubuhi moja, hakuna kabro iliyoinuliwa.

Kwenye boksi la swichi sasa kuna kifaa cha miliampia 30 kinachokata umeme ukivuja, na kila mwisho wa mwezi nabonyeza kitufe chake cha majaribio, wapangaji wananiguna kwa sababu ya televisheni. Ndani ya mlango wa boksi nimebandika mchoro: kutoka kona ya tanki hadi paipu mita 3 na nusu, kutoka kizingiti cha jikoni mita 2. Nilipiga picha za mtaro pia ukiwa wazi, utepe wa kupimia ukiwa umelazwa kando.

Sasa ombi langu, Mhariri. Watu wa kabro huja mwisho, wa umeme ameshalipwa na kuondoka, wa maji bado hajaitwa, na mwenye nyumba anatazama rangi. Ninyi mnasomwa na wenye nyumba wa Malaba, Busia, Mbale na hapa. Mtakapoandika tena juu ya ua, chapeni mchoro wa mtaro uliokatwa ubavuni: kabro, mchanga, maramu, matofali, paipu, na vipimo vyake. Nanyi mnaouza kabro, kabla ya kupokea malipo ya kwanza mwulizeni mteja swali moja tu, waya wa nyuma utapita wapi? Mimi sikuulizwa, na sikujua kuuliza.

Mtoto yule yuko darasa la tatu sasa na anacheza mpira pale pale. Mbwa naye, miaka yote hii, bado anapita ukingoni.

Ni mimi, ambaye majirani sasa wananiita
Mama Paipu,
Tororo