Barua ya malalamiko: mitandao ya washirika kuunganishwa na mtandao wa chuo bila mipaka

Kitengo cha Mitandao,
Kurugenzi ya TEHAMA,
Chuo Kikuu.

Meneja Miradi,
(Jina la kampuni limehifadhiwa),
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI YA KUUNGANISHA MITANDAO YA WASHIRIKA NA MTANDAO WA CHUO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni yako ilipewa kazi ya kuunganisha mtandao wa Chuo na mitandao ya washirika watatu: hospitali inayopokea wanafunzi wetu wa udaktari, taasisi ya utafiti wa kilimo, na benki inayokusanya ada. Viungo vinafanya kazi, taa za ruta (vifaa vinavyoelekeza mawasiliano kati ya mitandao) ni za kijani, na kwa sababu hiyo mmeleta ankara ya malipo ya mwisho. Naandika kueleza kwa nini ankara hiyo haijaidhinishwa.

Hadidu za rejea zilitaka kila mshirika afike kwenye seva alizokubaliwa tu. Hospitali ilihitaji seva moja ya picha za eksirei za kufundishia. Benki ilihitaji kuhakiki kumbukumbu namba za malipo na kurudisha majibu. Basi. Ninyi mliviingiza viungo vyote vitatu kwenye faiwoli yetu, yaani kifaa kinachoamua nani apite na nani azuiwe, na kuandika kanuni moja: ruhusu kila kitu, kutoka popote kwenda popote. Fundi wenu alipoulizwa alisema ameacha hivyo "ili isisumbue" na kwamba atakuja kubana baadaye. Hajaja. Matokeo yake, kompyuta ya mapokezi hospitalini iliweza kufungua ukurasa wa kuingilia mfumo wetu wa matokeo ya mitihani. Tulilijaribu hilo pamoja na msimamizi wa TEHAMA wa hospitali, naye alishtuka kuliko sisi.

Mshirika ni mgeni, na mgeni hupokelewa sebuleni. Ndiyo maana mchoro tuliowapa ulikuwa na eneo la kati, lililotengwa na mtandao wa ndani, ambamo seva za kushirikiana zingekaa. Eneo hilo lipo kwenye mchoro wenu pia. Kwenye mitambo halipo.

Lakini lililotugharimu zaidi ni njia za mawasiliano. Kati ya ruta yetu na ya taasisi ya utafiti mliwasha OSPF, itifaki ya ruta kujulishana njia, ileile tunayoitumia ndani ya kampasi, bila kichujio chochote. OSPF imetengenezwa kwa ruta zinazosimamiwa na mtu mmoja na kuaminiana. Anachotangaza mmoja, wote wanakipokea. Katikati ya wiki ya usajili, ruta ya taasisi ilianza kutangaza njia ya jumla ya kuelekea intaneti, kwa gharama ndogo kuliko yetu (si fedha, bali namba ambayo ruta huitumia kuchagua njia). Ruta zetu zikaifuata. Intaneti ya Chuo kizima ikawa inapitia laini nyembamba ya watafiti wa mihogo. Wanafunzi walipanga foleni mbele ya ofisi ya uhasibu wakidhani benki ndiyo iliyoharibika, na taasisi nayo ikapiga simu kuuliza kwa nini intaneti yao imekufa. Dawati lenu la huduma lilitushauri kuzima na kuwasha ruta.

Viungo hivi havihitaji ufundi mkubwa. Mshirika mwenye mitandao miwili au mitatu anatosha kuandikiwa njia za kudumu kwa mkono. Kama mnapenda itifaki, iko BGP, iliyoundwa kwa taasisi zisizo na msimamizi mmoja; kila upande unaorodhesha anwani unazozipokea na idadi ya juu kabisa, kinachozidi kinakataliwa. Hata BGP bila vichujio ni hatari. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitangaza njia ya YouTube iliyokusudiwa kubaki ndani ya nchi yake, ikavuja, na YouTube ikapotea kwa watu wengi duniani kwa takriban saa mbili. Kampuni inayouza huduma za mitandao haipaswi kufundishwa hilo na mteja.

Kuhusu anwani za IP, hospitali na hosteli zetu zote zinatumia safu ileile, 10.10.0.0/16, hivyo ruta haiwezi kujua anwani ni ya upande upi. Hilo si kosa la yeyote: tangu 1996 anwani zinazoanza na 10 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, ziko zaidi ya milioni 16, na bado kila mtu huchagua zilezile za mwanzoni. Mgongano wa aina hii hutatuliwa mpakani, kwa kutafsiri anwani kwenda safu ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Barua pepe yenu ilitutaka tubadilishe anwani za hosteli zote. Hapana.

Kuna pia suala la funguo. Ufunguo wa siri wa VPN, yaani njia iliyosimbwa inayopita kwenye intaneti, ni mmoja kwa washirika wote watatu, na mliutuma kwenye kundi la WhatsApp lenye mafundi wa pande zote. Usimbaji mliochagua ni 3DES, ambao taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliukataza kulinda data baada ya 2023. Na akaunti ya fundi wenu ya kuingilia faiwoli kutoka intaneti ilibaki wazi mpaka tulipoifunga sisi. Mwaka 2013 wezi waliingia kwenye mtandao wa maduka ya Target huko Marekani kwa nywila za mkandarasi wa majokofu, wakaondoka na taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40. Sisi tuna taarifa za wanafunzi na za wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, itatuuliza sisi kabla ya kuwauliza ninyi.

Niongeze jambo dogo. Mlituuzia kiungo cha ziada ili wahadhiri wa taasisi wapate intaneti wakija kufundisha. Hawakukihitaji. Eduroam, huduma ya Wi-Fi ya pamoja ya vyuo na taasisi za utafiti, ingetosha: mgeni huingia kwa akaunti ya kwao, na taasisi yake ndiyo inayoihakiki. Gharama ya kiungo hicho tunaomba iondolewe kwenye ankara.

Tumezima kanuni ya "ruhusu kila kitu" na kuacha huduma za benki na seva ya picha pekee. Ndani ya siku 14 za kazi tunataka eneo la kati lijengwe kama lilivyochorwa, OSPF iondolewe kwenye viungo vyote vya nje, tafsiri ya anwani za hospitali ifanyike mpakani, na kila mshirika apewe ufunguo wake, kwa IKEv2 (itifaki ya kukubaliana funguo za VPN) na AES (usimbaji wa kisasa badala ya 3DES). Tunataka pia nyaraka za makabidhiano zinazoonyesha kilichofungwa kweli, si kilichokusudiwa. Majaribio yatafanyika mbele ya mafundi wa washirika wote, na kila mmoja atajaribu kufika pale asipopaswa kufika.

Muda huo ukipita bila kazi kukamilika, suala litapelekwa kwa Mwanasheria wa Chuo kuhusu dhamana ya utendaji mliyoweka. Tafadhali mje na mhandisi aliyechora mpango, si fundi aliyetumwa kufunga tu. Ana maswali ya kujibu.

Nakutakia kazi njema.

Mkuu wa Kitengo cha Mitandao

Nakala: Mkurugenzi wa TEHAMA
Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi
Mwanasheria wa Chuo