Petro, dereva na ile kauli ya msibani

Mpendwa Tumaini,

Salamu kutoka Uyole. Baridi ya Juni imetushika kweli, na viazi vimeshuka bei mpaka mtu anaona aibu kuvipakia kwenye fuso. Watoto hawajambo.

Kuhusu uliloniuliza, kama Mungu kujua jambo mapema kunamwondolea mtu lawama: hata mimi nilikereka msibani waliposema dereva asilaumiwe, eti Mungu alishajua tangu zamani kwamba gari litapinduka siku ile. Dereva alishuka mteremko gia ikiwa huru ili abane mafuta, abiria wakapiga kelele, akawacheka. Sasa Mungu kujua kunamfutiaje kosa?

Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, mnamo mwaka 524, akiwa kifungoni akingoja kuuawa, aliandika kwamba Mungu hapangi foleni na siku kama sisi. Ya jana na ya kesho yote yako mbele yake kwa pamoja. Mtu akisimama juu ya mlima Loleza anaona gari linalokata kona kule chini, lakini usukani hana. Kwa dereva wetu jibu hilo linatosha.

Linalonitesa ni la mtume Petro. Mwaka 1965 mwanafalsafa Nelson Pike alibana hivi: kama Mungu aliamini jana kwamba kesho nitafanya jambo fulani, na Mungu hakosei, na jana haibadiliki, nina uwezo gani wa kutolifanya? Boethius atasema Mungu hana jana. Haya. Lakini Petro aliambiwa kwa mdomo, wenzake wakisikia, kwamba atamkana Bwana kabla jogoo hajawika. Maneno yale yalikuwa na saa yake, na yule kijakazi alipomuuliza, yalikwisha kupita. Hapo kilele cha mlima hakinisaidii.

Luis de Molina, padre wa shirika la Wajesuti, mwaka 1588, alisema Mungu anajua pia kila mtu angechagua nini kwa hiari yake katika kila hali: Petro, ua ule, moto ule, swali lile. Mimi namwelekea huyu, ingawa deni analo: ni nini kilichofanya jambo hilo liwe kweli kabla Petro hajazaliwa? Wewe uliyesoma theolojia hapo Iringa, nisaidie.

Ila angalia, jogoo alipowika Petro hakusema "nilishatabiriwa." Alitoka nje, akalia kwa uchungu. Wale wa msibani wangemwambia anyamaze, si kosa lake.

Nijibu kabla hujasafiri. Mama msalimie, mwambie mbegu za maharage nitazituma na basi la Ijumaa.

Wako,
Ambakisye