Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa umoja wetu wa wazazi, pamoja na lile suala la stoo tuliyoigeuza chumba cha vikundi vidogo vya watoto

Wazazi wenzangu, asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na wote habari za siku. Taarifa hii ilitakiwa isomwe mkutanoni, ila mkutano wa kuisoma nimeitisha mara mbili na mara zote viti vilikuwa vitupu, kwa hiyo naiandika ili kila mtu aisome kwa nafasi yake na baadae asije kusema hakushirikishwa.

Ya kawaida mnayajua, siwachoshi. Misiba tumehudhuria, wagonjwa tumewaona, usafi wa mazingira tulifanya, madawati yaliyovunjika yamegongwa, Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni watoto wetu waliimba vizuri sana. Nawashukuru mama wa jikoni wote.

Sasa hela. Tupo wanachama 118, ada ni 2,000 kwa mwezi, yaani kwa mwaka tulitakiwa kupata 2,832,000. Tumekusanya 1,146,000. Waliomaliza yote ni 31, waliolipa nusunusu 29, na 58 hawajatoa hata shilingi. Tukijumlisha na salio la mwaka jana 610,000 na harambee 480,000, tulikuwa na 2,236,000. Matumizi: chumba 870,000, mikeka na vifaa vya kuchezea 145,000, uji na maandazi 280,000, nauli ya msaidizi 336,000, misiba na wagonjwa 250,000, usafi na madawati 95,000. Imebaki 260,000 na daftari liko kwa mweka hazina, anayetaka aende akalione, mi sijawahi kumzuia mtu.

Nakuja kwenye hiyo 870,000 maana najua ndo mnaisubiri. Ni kweli hela ile mwaka jana tulikubaliana ya maturubai na viti vya kukodisha. Na ni kweli kamati tumeihamishia kwenye kukarabati ile stoo ya nyuma iwe chumba cha vikundi vidogo vya watoto. Wanaosema mwenyekiti kaamua peke yake hawasemi kweli. Niliitisha mkutano mkuu mwezi wa pili wakaja watu 14, nikaahirisha, wa pili wakaja 11, na wa tatu mvua ikanyesha tukawa 6 tumesimama kwenye kibaraza cha ofisi ya walimu. Katiba yetu inasema akidi isipotimia mara tatu kamati inaamua, na tukaamua wajumbe saba, muhtasari umesainiwa. Sasa mtu hakuja hata mara moja, ada hajalipa tangu Januari, alafu ananitumia voisi ya dakika nne usiku kwamba nimekula maturubai. Imeniuma sana, siwezi kuficha.

Kwanini chumba na sio maturubai? Darasa la kwanza mkondo mmoja tu una watoto 127 na mwalimu mmoja. Mtoto anayepiga wenzie mwalimu anamuona, ila yule anayekaa kimya kona ya nyuma, hali, hachezi, kichwa kakilaza mezani tangu asubuhi, huyo ataonekana saa ngapi? Na watoto wa huku kwetu wamebeba mengi jamani, kuna waliofiwa, kuna ambao mama kaenda Omani kutafuta na hawajamuona mwaka wa pili, kuna ambao masika nyumba iliingia maji wakahamia kwa ndugu watu tisa chumba kimoja. Mtoto wa miaka saba hawezi kuja kukwambia nina huzuni, anakojoa kitandani, anaumwa tumbo kila Jumatatu, anagoma kusoma, na sisi tunasema mkaidi huyu tunashika fimbo.

Kinachofanyika mle ndani ni hiki. Watoto 12, makundi mawili ya watoto sita sita, wa awali mpaka la pili, Jumanne na Alhamisi dakika 40 kila kundi. Watu wazima ni wawili walewale kila siku, mwalimu wetu wa unasihi na binti aliyesomea ustawi wa jamii ambaye tunampa nauli ya 6,000 tu kwa siku. Wanakaa kwenye mkeka, kila mtu anachagua kizibo cha soda kilichopakwa rangi kuonyesha moyo wake leo ukoje, wanachora, wanafinyanga udongo, wanacheza, wanakunywa uji pamoja, wanaagana kwa wimbo uleule. Sio twisheni wala maombezi. Tatizo likiwa kubwa kuliko chumba linapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, na mwaka huu yamepelekwa mawili.

Kuna aliyesema tumeleta mambo ya kizungu. Sawa, namna hii ya kundi dogo ndani ya shule ilianza Uingereza, mwaka 1969 mwanasaikolojia anaitwa Marjorie Boxall aliianzisha London, eneo la Hackney, penye familia za hali ya chini na wahamiaji wengi, aliona watoto wanaletwa shule kabla hawajapata yale malezi ya utulivu ambayo mtoto anatakiwa ayapate kwanza ndo aweze kukaa akafundishika. Akawaweka watoto 10 mpaka 12 na watu wazima wawili, wanacheza, wanakula kitu pamoja, alafu taratibu wanarudi kwenye madarasa yao. Sasa hapo uzungu uko wapi? Si ndo tulivyolelewa na bibi zetu, mkeka mmoja, sinia moja, mtu mzima anakuangalia unavyokula anajua leo una jambo.

Na hilo la kula ndo limelalamikiwa kuliko yote, kwamba kwanini watoto 12 wanywe uji wa umoja na wangu asinywe. Ngoja niwaeleze nilichokiona mwenyewe, na mlezi wa mtoto ameniruhusu ila jina wala darasa sitaji. Nilikuwa mle ndani napima dirisha nishone pazia. Kuna mtoto alipewa andazi akalikata katikati, nusu akala, nusu akaitia kwenye mfuko wa kaptula, na mfuko wote ulikuwa na doa la mafuta la zamani, maana yake sio mara ya kwanza. Kumbe ni hofu tu, kwamba kesho hakutakuwepo. Mwalimu hakumgombeza. Alileta kopo tupu la siagi, akambandikia picha ya samaki aliyoichora mwenyewe yule mtoto, akamwambia weka humu, Alhamisi utalikuta. Yule mtoto wiki ya kwanza kila mapumziko anakuja kuchungulia dirishani kama kopo lipo. Likawepo. Wiki ya tatu akaacha kuchungulia. Wiki ya sita akala andazi lote, akaomba na uji wa pili. Mi nilitoka nje nikajifanya natafuta uzi.

Watoto wote 12 wamebadilika? Hapana, na sitawadanganya. Walimu wa madarasa wanasema tisa wameanza kujibu maswali na kucheza na wenzao. Wawili bado. Mmoja baba yake alimtoa, sababu kuna wazazi wetu walikuwa wanapita mtaani wanasema lile ni darasa la vichaa. Hilo ndo limenivunja moyo kuliko hata habari ya hela. Mtoto alikuwa ameanza kuongea, akatolewa kwa maneno ya watu wazima. Naomba sana, kwa heshima zote, neno hilo lisitamkwe tena na mwanachama yeyote.

Na wanaodai orodha ya majina ibandikwe kwamba ni haki ya mwanachama, jibu langu ni lilelile, sitoi. Wazazi wa watoto husika ndo waliosaini fomu na wao ndo wanaojua. Kama kwa hilo mnataka kunitoa, nitoeni kikatiba, ila majina hamtayapata kwangu. Na niseme pia, maana halisemwi, mapazia na mito yote nimeshona mimi kwa vitambaa vyangu na cherehani yangu, mabati nimeyafuata mwenyewe na bajaji, sijadai hata mia.

Mwakani Mungu akipenda tungependa kundi la tatu, na labda tupate mfadhili, na maturubai hatujayasahau, tutaangalia hali ya ada. Pia mkiona au kusikia mtoto yeyote anatendewa vibaya msingoje kamati, kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure.

Wale 58 na wale wa nusunusu, mweka hazina yupo getini kila Ijumaa jioni mpaka saa 12. Mkutano tutajaribu tena Jumamosi ya kwanza shule zikifunguliwa, saa 4 asubuhi chini ya mwembe. Chumba kitakuwa wazi siku hiyo, watoto hawatakuwepo, kila mwanachama aingie aone 870,000 imekaa wapi.

Mwenyekiti wenu