Mdogo wangu, kitabu cha mama bado ninacho

Mdogo wangu,

Jumapili ile nilipokuja Mbeya nilikaa nyuma yako makusudi. Kitabu cha nyimbo ulikishika, ukurasa ukaufungua, mdomo ukaufumba. Ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka wimbo ukaisha. Wewe, uliyekuwa ukishika sauti ya nne, besi, mpaka benchi linanguruma! Tulipotoka nikakuuliza, ukanijibu kwa mkato: "Dada, siwezi kumwimbia Mungu uongo." Tukapanda daladala ya Mwanjelwa, tukaongelea bei ya mchele.

Jibu lako nimerudi nalo Tukuyu. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu si wewe peke yako uliyefunga mdomo kanisani baada ya kuzika, kama ulivyofunga wewe tangu tumzike mama.

Sikulaumu. Ninalolikataa ni hilo neno uongo. Unaona kama wimbo ni ripoti ya moyo wako, kwamba ukiimba amani na huku huna, umetoa ushahidi wa uongo. Basi soma Zaburi ya 88 leo usiku. Inaanza na kilio, inaishia gizani, hakuna hata mstari mmoja wa kuipoza. Na bado juu yake pameandikwa ni wimbo, tena umekabidhiwa kwa mwimbishaji. Kilio kile kilipewa watu wakiimbe. Na Bwana mwenyewe, usiku ule wa kukamatwa, Mathayo 26:30 inasema waliimba kwanza ndipo wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Alijua kinachomngoja huko.

Kumbuka usiku wa msiba. Mvua ya kwetu unaijua. Turubai lilikuwa limetunga maji katikati, vijana wakawa wanalisukuma kwa ufito yamwagike pembeni. Akina mama wa kanisa walikaa kwenye mikeka wakaimba tangu saa mbili. Mimi sikutoa neno, koo lilikataa. Kwenye saa nane hivi mama mmoja jirani, mwenye mafua, sauti imekwaruza, akaanzisha wimbo chini mno. Wenzake wakahangaika kuudaka, mmoja akacheka kidogo. Kufika ubeti wa tatu nikajikuta navuta pumzi wanapovuta wao. Kupumua tu, basi. Sikuwa na sala nyingine usiku ule, na hiyo yenyewe nilipewa na mtu mwenye mafua.

Wamoravian, Wakristo waliotoka Ujerumani, walilijua jambo hili muda mrefu kabla ya kufika huku kwetu Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1736 kundi lao lilikuwa melini likivuka Atlantiki kwenda Georgia, pamoja na John Wesley, mchungaji Mwingereza. Dhoruba ikapasua tanga kubwa, maji yakamiminika ndani, Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravian walikuwa katikati ya zaburi, wakaendelea nayo. Baadaye Wesley akamuuliza mmoja wao kama hawakuogopa. Hapana, akajibu, hata wake zetu na watoto hawaogopi kufa. Mimi, kusema kweli, ningepiga mayowe na Waingereza. Ila kinachonigusa ni kwamba wimbi liliwakuta zaburi imeshaanza. Wasingepata nafasi ya kuchagua wimbo unaofanana na hali yao.

Kwenye jambo moja nakuunga mkono. Siku hizi spika zimekuwa kubwa mpaka simsikii anayeimba ubavuni mwangu, na kwaya nyingine zinawaza sare na video kuliko maneno. Nabii Amosi alishasema Mungu huchoka na kelele za nyimbo. Lakini kelele ile haikuwa ya mama mwenye mafua.

Pasaka, ibada ya alfajiri itakuwa makaburini kama kawaida. Ni desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, watu wakiimba kati ya makaburi huku jua likichomoza. Mama yuko mstari wa tatu kutoka kwenye mkaratusi. Kitabu chake nitakuja nacho, kile kilichoshonwa mgongo kwa uzi mweusi. Jana nimegundua alikuwa akiweka alama ya kalamu kwenye kila wimbo ambao besi yako aliipenda.

Usiimbe kama huwezi. Simama kushoto kwangu tu, upande wa sauti ya nne. Na uje na koti, baridi ya huku si ya mchezo.

Dada yako